Gettysburg, 3 Julai 1863: wasiwasi wa majenerali ulivyomwangukia kanali wa miaka 28

Watu wakitajiwa Gettysburg, mji wa Pennsylvania kulikopiganwa moja ya mapambano makubwa ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani kati ya Kusini na Kaskazini, wengi wanakumbuka shambulio la Pickett, wale askari kama 12,500 wa Kusini waliotoka msituni mchana kweupe, wakapanga mistari, wakaanza kuvuka mashamba ya wazi zaidi ya kilomita moja kwenda kwenye ukuta wa mawe ambako wenzao wa Kaskazini walikuwa wanawasubiri, na karibu nusu yao wakauawa, wakajeruhiwa au wakatekwa ndani ya muda usiofika hata saa moja. Mimi nataka tuangalie kilichotokea kabla hawajatoka msituni, kuanzia saa sita kasorobo mpaka karibu saa tisa. Kwenye huo muda kuna maafisa ambao karibu wote walikuwa na mashaka na hiyo kazi, waliandikiana vikaratasi kuhusu mashaka yao, maneno ya vile vikaratasi yamehifadhiwa mpaka leo, na bado wale vijana walitumwa. Ilikuwaje?

Mazingira kwa kifupi. Jenerali Robert E. Lee wa Kusini alikuwa ameingiza jeshi lake Pennsylvania, jimbo la Kaskazini, watu 70,000 na zaidi. Niseme mapema tusije tukapotezana, jeshi hili lilikuwa linapigania majimbo yaliyojitenga ili yabaki na utumwa, na katika safari hiyohiyo askari wake walikamata watu weusi huko Pennsylvania, wengine walizaliwa huru kabisa, wakawapeleka Kusini kufanywa watumwa. Kwahiyo msinielewe vibaya, kushindwa kwao kulikuwa heri. Lakini namna maamuzi yalivyofanyika pale inaniuma kila nikiisoma, kwasababu waliolipa ni vijana waliokuwa wamejilaza kwenye majani wakisubiri kuambiwa simameni.

Upande wa Kaskazini alikuwepo Jenerali George Meade, ambaye alikabidhiwa jeshi tarehe 28 Juni, yani siku tatu tu kabla vita haijaanza. Tarehe 1 Julai Kusini walishinda, wakawasukuma wenzao mpaka vilima vya nyuma ya mji. Tarehe 2 Lee akapiga ncha zote mbili za mstari wa Meade, huku kilima cha Little Round Top, kule kilima cha Culp's Hill, damu ilimwagika vibaya sana ila mstari haukukatika. Tarehe 3 akaamua kupiga katikati, kwenye kilima kirefu kinaitwa Cemetery Ridge.

Aliyepewa kazi hiyo ni Luteni Jenerali James Longstreet, miaka 42, mtu wa karibu kabisa na Lee tangu Jenerali Stonewall Jackson afariki mwezi Mei mwaka huohuo. Na hapa kuna jambo la kushika. Desemba 1862 pale Fredericksburg, watu wa Longstreet ndo walikuwa nyuma ya ukuta wa mawe, na yeye alisimama akaangalia jeshi la Kaskazini linapanda kuja wimbi baada ya wimbi kwenye uwanja wazi na linaangushwa lote, hakuna hata mmoja aliyeufikia ukuta. Kwahiyo huyu mtu alikuwa ameshaona kwa macho yake kitu gani kinawapata askari wa miguu wakivuka uwanja kama ule, na sasa anaambiwa awapeleke wake.

Asubuhi alimshauri Lee wazunguke kulia, wakae kati ya Meade na Washington, wamlazimishe yeye ndo aje kuwashambulia. Lee akakataa, adui yuko pale na tutampiga palepale. Longstreet aliandika baadaye kwamba alijibu kuwa amekuwa askari maisha yake yote, amepigana na vikosi vidogo na vikubwa, na kwa maoni yake hakuna watu 15,000 waliowahi kupangwa vitani wanaoweza kukichukua kile kilima. Haya maneno aliyaandika miaka mingi baadaye wakati analaumiwa pande zote, kwahiyo tuyapokee kwa tahadhari. Ila vikaratasi ni vya mchana uleule, havikuandikwa kwa ajili ya kujitetea, na vinaonyesha wazi kwamba moyo wake haukuwepo.

Sasa aingie kijana wetu. Kanali Edward Porter Alexander, mtu wa Georgia, miaka 28, ndiye Longstreet alimpa usimamizi wa mizinga ya upande wake siku ile ingawa kulikuwa na wakubwa zaidi yake. Mpango ulikuwa mizinga zaidi ya 150 ya Kusini ipige kwa pamoja mpaka mizinga ya Kaskazini inyamaze na askari wao wavurugike, afu ndo askari wa miguu watoke. Kazi ya Alexander ilikuwa kuangalia na darubini na kumwambia Meja Jenerali George Pickett wakati muafaka. Mpaka hapo ni kazi ya kawaida ya mtu wa mizinga.

Saa sita kasorobo mchana anapokea kikaratasi kutoka kwa Longstreet. Kinasema hivi: kama mizinga haitamfukuza adui au kumvunja moyo sana, kiasi cha kufanya juhudi zetu ziwe na uhakika, ningependelea usimshauri Jenerali Pickett ashambulie, nitategemea sana busara yako kuliamua jambo hili, na natarajia utamjulisha wakati ukifika.

Soma tena taratibu. Luteni jenerali anamwandikia kanali kwamba wewe ndo utaamua kama shambulio kubwa kuliko yote ya siku, lililoamriwa na jenerali mkuu mwenyewe, lifanyike au lisifanyike. Alexander alieleza baadaye kwamba mpaka dakika ile hakuwa na shida, aliamini Lee akisema linawezekana basi linawezekana, ila hicho kikaratasi kilibadilisha kila kitu. Kama shambulio linafanyika kwa uamuzi wa Lee ni sawa, lakini hakutaka lifanyike kwa uamuzi wake yeye. Ni maneno ya kweli sana haya. Mtu unaweza kubeba amri ya mkubwa bila kutetemeka, ila ukiambiwa ni ya kwako sasa, unaanza kuhesabu vizuri.

Na akahesabu kweli. Jibu lake kwangu ndo andiko bora kabisa la siku ile upande wa Kusini. Alisema ataweza kupima athari za mizinga kwa kuangalia tu adui anajibu vipi, kwasababu askari wao wa miguu hawaonekani vizuri na moshi utafunika uwanja wote. Akasema kama kuna njia nyingine yoyote mbali na shambulio hili basi ifikiriwe vizuri KABLA hatujaanza kupiga, kwani kulijaribu hili sawasawa kutamaliza makombora yote tuliyobaki nayo, na tukishindwa hatutakuwa na kitu cha kujaribia kingine. Na hata tukifanikiwa kabisa, itakuwa kwa gharama kubwa ya damu.

Kijana ameona kila kitu. Ameona kwamba kipimo alichopewa ni kibovu, maana kinategemea kitu ambacho adui mwenyewe ndo anakishika mkononi. Ameona pia kwamba kupima kwenyewe kunakula akiba, yani ukishapiga saa nzima ili ujue kama ushambulie, huna tena makombora ya kuwasindikiza wanaoshambulia. Na amemrudishia mkubwa wake swali pale linapotakiwa kuwa, juu.

Longstreet angeweza kufanya nini na barua hiyo? Lee alikuwa jirani tu, farasi dakika chache, na walikuwa wameshapita pamoja mbele ya mistari asubuhi ileile. Angeibeba akamsomea, mkuu, mtu wangu wa mizinga anasema tuna makombora ya jaribio moja tu na hawezi kuona linafanya kazi au halifanyi. Hiyo sio hofu tena, ni taarifa, na Lee alikuwa injinia kabla ya kuwa jenerali, hesabu ya makombora angeisikia. Hakuna ushahidi kwamba Longstreet alifanya hivyo. Alichofanya ni kuandika kikaratasi cha pili kinachosema karibu yaleyale ya kwanza ila kwa maneno laini zaidi: nia ni kusogeza askari wa miguu kama mizinga itakuwa na matokeo yanayotakiwa, au matokeo mengine yanayotosha kuhalalisha shambulio, na wakati huo ukifika mjulishe Jenerali Pickett.

Alexander alikuwa amesimama na Brigedia Jenerali Ambrose Wright, akamuonyesha. Wright akamwambia amekurudishia mzigo. Alexander akamuuliza Wright, ambaye jana yake brigedi yake ilipigana sehemu ileile, unaonaje kupanda pale? Wright akasema kufika sio kugumu kama kunavyoonekana, mimi jana karibu nifike, shida ni kubaki pale, maana jeshi lote la Kaskazini liko nyuma yake limejikusanya. Afu Alexander akaenda kumtafuta Pickett, bila kumuuliza moja kwa moja, ili amsome tu moyo wake, akamkuta amechangamka ana matumaini makubwa. Kwahiyo mwenye uzoefu wa kile kilima kampa nusu ya onyo, na asiyekuwa nao kampa nguvu. Mwishowe akaandika kwa Longstreet kifupi kwamba mizinga yetu ikiwa imefikia kilele chake nitamwambia Pickett aende. Ukisoma hapo unaona ameshaamua kuacha kupigania swali lake. Aliliuliza mara moja, halikujibiwa, akaona kuchelewa au kusitasita kwake kutaharibu zaidi. Simlaumu sana kwa hilo.

Saa saba mchana mizinga miwili ya ishara ikalia na zote zikaanza. Makombora mengi yalipita juu ya ukuta wa mawe yakaangukia nyuma, kwenye kibanda alichokuwa anakitumia Meade kama makao yake na kwa farasi na mabehewa, wakati askari waliolala nyuma ya ukuta hawakuumia sana. Moshi ukafunika, kama alivyosema.

Kule upande wa pili Jenerali Henry Hunt, mkuu wa mizinga ya Kaskazini, alikuwa anawaza jambo lilelile la makombora, ila yeye alikuwa na mamlaka ya kulifanyia kazi. Aliagiza watu wake wapige taratibu, afu baadaye akaagiza wanyamaze, ili wabakize makombora kwa ajili ya askari wa miguu aliojua wanakuja na pia adui adhani wamemalizwa. Na ndo kilichotokea, kipimo alichopewa Alexander, kwamba adui akipunguza moto ujue ameumia, Hunt akakigeuza mtego. Hata huko kulikuwa na ugomvi, Jenerali Hancock aliyeshika sehemu ile ya katikati alitaka mizinga iendelee ili askari wake wasikate tamaa, na kwenye baadhi ya mizinga akatengua amri ya Hunt. Nami nadhani Hunt ndo alikuwa sahihi, na mizinga iliyomtii upande wa kushoto ndo iliyoikata divisheni ya Pickett ubavuni vibaya zaidi.

Alexander alimwandikia Pickett kwanza kwamba kama unakuja lazima uje sasa hivi, sivyo sitaweza kukusaidia vizuri, ila moto wa adui haujapungua hata kidogo na angalau mizinga 18 bado inapiga kutoka makaburini. Ni barua ya mtu mwaminifu, imebeba haraka na onyo kwa pamoja. Baada ya dakika chache akaona kwenye darubini ile mizinga inaondolewa. Akasubiri aone kama italetwa mingine, hakuona. Akaandika: kwa ajili ya Mungu njoo haraka, ile 18 imeondoka.

Pickett akampelekea Longstreet ile barua, akauliza, jenerali, nisonge mbele? Longstreet hakutoa sauti. Aliinamisha kichwa tu. Pickett akasema atawaongoza watu wake, akaondoka.

Ila kwangu kilele cha kisa hiki kiko dakika chache baadaye. Longstreet alipanda farasi akaenda peke yake kwa Alexander, na Alexander akamwambia ukweli, makombora yanaisha, na ile mizinga mifupi 9 niliyoiandaa iwafuate askari imehamishwa siioni. Longstreet akashtuka, akasema nenda kamsimamishe Pickett hapohapo alipo mpaka ujaze makombora. Alexander akajibu kwamba kwenye mabehewa yamebaki machache, kuyagawa kutachukua kama saa nzima, na huo muda adui atajipanga upya. Hapo Longstreet akasema, huku anaangalia kwa darubini na anasema kwa kukatakata: sitaki kufanya shambulio hili, sioni litafanikiwa vipi, nisingelifanya sasa ila Jenerali Lee ameliamuru na analitarajia.

Alexander akanyamaza. Mwenyewe alieleza kwamba alihisi akitamka neno moja tu la kumuunga mkono Longstreet angelisimamisha, ila alijiona mdogo mno, hana uzoefu wa kutosha, wa kutoa maoni ambayo hajaulizwa moja kwa moja. Akamwacha Longstreet apigane na nafsi yake peke yake. Wakiwa bado wako hivyo mistari ya Pickett ikatokea msituni.

Hapo ndo nasimama kila mara. Mchana kutwa mkubwa amekuwa anatafuta mtu wa kumsaidia kusema hapana, na huyo mtu tayari alishaisema kwa maandishi saa sita mchana, kwa lugha iliyonyooka, akarudishiwa. Sasa ilipofika dakika ya kweli kijana hana tena imani kwamba maneno yake yana kazi yoyote. Wengine wanasema Alexander ndo angeokoa wale watu, mimi nakataa. Sababu ya kusimama Longstreet alikuwa nayo tayari mdomoni, makombora yameisha, na hilo halihitaji ujasiri wa kumpinga Lee, unampelekea tu mtu kwa farasi kwamba masharti ya mpango wako hayajatimia, nasubiri neno lako. Masharti yalikuwa ya nani? Ya Lee mwenyewe, yeye ndo alisema mizinga kwanza, na hata yeye baadaye kwenye ripoti yake alieleza kwamba hakujulishwa makombora yamepungua kiasi kile.

Kuna lingine ambalo halisemwi sana. Mtu anayefanya kazi asiyoiamini huwa anaifanya nusunusu, na naona hilo kwa Longstreet. Zaidi ya nusu ya waliotumwa hawakuwa wa Pickett, walikuwa wa Pettigrew na Trimble kutoka upande wa Jenerali A. P. Hill, na brigedi kadhaa za huko zilikuwa zimepondwa tarehe 1, zinaongozwa na maafisa wapya kwasababu wa zamani wameumia. Kati ya Lee, Hill na Longstreet hakuna aliyekagua zipo kwenye hali gani. Wasiwasi wa kweli ungemfanya mtu akague mara mbili, huu wake ulimfanya ageuze uso pembeni.

Na chini kabisa walikuwepo wale ambao hawakuwa na karatasi ya kumwandikia yeyote. Mmoja ananigusa sana, Brigedia Jenerali Richard Garnett. Machi 1862 pale Kernstown aliwarudisha nyuma watu wake baada ya risasi kuisha bila kungoja amri, Stonewall Jackson akamkamata na kumfungulia kesi ya kijeshi, kesi haikuisha mpaka Jackson anakufa. Yeye sasa ndo yuko mbele ya mstari, mgonjwa hawezi kutembea, akapanda farasi, na juu ya farasi kwenye uwanja ule unaonekana na kila bunduki. Aliuawa karibu na ukuta na mwili wake haukutambuliwa kamwe. Jeshi lililomfanyia vile mtu aliyetumia akili yake Kernstown, lingetegemea vipi mtu mwingine asimame Gettysburg? Wenzake wawili wa divisheni ileile, Armistead aliuvuka ukuta akapigwa akafa tarehe 5, Kemper akajeruhiwa vibaya akatekwa. Yani makamanda wote watatu wa brigedi za Pickett. Na baada ya shambulio kuwa limeshavunjika bado brigedi za Wilcox na Lang zilitumwa mbele, kwasababu zilikuwa kwenye mpango, na watu wengine wakaumia bure.

Lee alitoka kuwapokea waliorudi, akawaambia kosa ni langu. Tarehe 8 Agosti aliandika kwa Jefferson Davis, rais wa Kusini, kuomba aondolewe, Davis akakataa. Baada ya Lee kufa 1870, maafisa wenzake wa zamani, Jubal Early na William Pendleton wakiwa mbele, walimgeuzia Longstreet lawama zote, wakidai alichelewa makusudi tarehe 2, na wakati huo Longstreet alishajiunga na chama cha Republican, chama kilichoongoza Kaskazini wakati wa vita, kitu ambacho weupe wengi wa Kusini hawakumsamehe. Lawama hiyo naiona si ya haki, ila utetezi wake nao, kwamba alimwambia Lee asubuhi na basi, hautoshi. Asubuhi alisema maoni. Mchana alikuwa na hesabu, na hesabu ndo hakuipeleka.

Huyu Alexander hakukaa kimya maisha yake yote. Aprili 1865 pale Appomattox, jeshi la Lee limezingirwa, alimfuata Lee mwenyewe akamwambia wasijisalimishe, askari watawanyike msituni na silaha zao wakaendelee kupigana kutoka kwenye majimbo yao. Lee hakukasirika. Alimsikiliza mpaka mwisho, afu akamweleza taratibu kwanini hapana, kwamba askari watageuka kuwa wanyang'anyi wasio na chakula wala maafisa, na nchi itaumia miaka mingi. Alexander alikiri kwamba alibaki hana la kujibu, akaona aibu kwa kulipendekeza. Alikuwa bado hajafika miaka 30, na Lee alikuwa mtu wa kuambiwa.